Modemu Yenye Mdomo

Pale bohari ya dawa walimwita Bi Waya, kwa sababu hakosi kebo shingoni. Wala hakukasirika. "Jengo zima fundi ni mmoja, na ndiye huyu mnayemwona," alizoea kusema, na kwa maringo yale ungedhani simu kaigundua yeye.

Asubuhi hiyo mashine yake, kompyuta kuukuu ya Unix, ilikutwa imegoma. Zahanati za mbali huagiza dawa kupitia mashine hiyo: zinapiga simu, modemu, kisanduku kinachoiunganisha mashine na simu, inapokea, mashine inauliza jina, agizo linaingia. Sasa mdogo wake, muuguzi wa zahanati ya milimani anayeishi na baba yao, alimpigia kwenye simu ya mezani.

"Dada, napiga tangu kumekucha, mashine yako hainisikii. Insulini ya baba imebaki ya leo tu. Na wagonjwa wengine ni hivyohivyo."

Bi Waya akamgeukia mtunza bohari. "Pakia tu, nitaandika baadaye."

"Dawa haitoki kwa mdomo, Bi Waya. Agizo lisipoonekana kwenye mashine, sina ruhusa. Na gari linaondoka adhuhuri, likienda ndio mpaka wiki ijayo."

"Haya, kaa hapo uone kazi."

Moyo ulimwenda mbio, ila mikono haikuwa na habari na moyo. Akachomoa kebo nyuma ya mashine, akaunganisha pini ya kutuma na ya kupokea kwa kipande cha waya, akaandika "habari". Ikamrudia "habari". Basi tundu la kebo lilikuwa zima, linatuma na kupokea. Akabadilisha kebo. Wapi! Ikabaki modemu, mpya kabisa, aliyoifunga jana baada ya ile ya zamani kuunguzwa na radi. Taa zake zilikuwa zikipepesa bila kupumzika. Akachomoa waya wa simu ukutani, na taa zikaendelea kupepesa.

"Ala! Unaongea na nani wewe?"

Akafanya kila kinachopita kati ya mashine na modemu kionekane kwenye kioo cha kompyuta. Mashine iliuliza, "Nani mwenzangu?" Maneno hayo aliyaweka yeye mwenyewe, maana ndivyo watu wanavyoulizana kwenye simu. Modemu, iliyotoka kiwandani na tabia ya kurudia kila inachoambiwa, ikajibu, "Nani mwenzangu?" Mashine ikasema, "Simjui huyo. Nani mwenzangu?" Na modemu ikayarudisha yote kama yalivyo. Wamezozana hivyo tangu jana, wakati wagonjwa wanasubiri!

Bi Waya alicheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. "Msutano huu utaishia hapa," akasema. Akaiandikia modemu amri: usirudie unachoambiwa, usiseme neno lako mwenyewe. Akaihifadhi amri ili hata umeme ukikatika isisahau. Taa zikatulia. Akarudisha waya wa simu, akamwambia mdogo wake kwenye simu ya mezani, "Piga sasa."

Modemu ikapiga mluzi wake wa kukwaruza, ikanyamaza. Agizo likajipanga kwenye kioo, mstari baada ya mstari.

"Limeingia," alisema mtunza bohari, naye ameshainuka.

Nje, gari lilikuwa linaunguruma. Bi Waya hakungoja wapakiaji. Alilibeba mwenyewe kasha la barafu lenye insulini, akamkabidhi dereva mikononi.

"Shika vizuri, kaka. Mzee wangu yumo humo."