Shati Lenye Mkunjo Ubavuni

Mume wangu alikuwa mwembamba. Nalisema mwanzo ili lisitusumbue mbele. Hakuwa mgonjwa wala hakulala na njaa. Alikula kama watu, akanywa maziwa ya kwao kama watu, mwili ukakataa tu. Kwao walikuwa wafugaji, na watu wakimwona mfugaji mwembamba huanza kuwasema ng'ombe wake, halafu mama yake, halafu mke wake. Mimi ndiye niliyekuwa mke, na nilikuwa bado sijatolewa ndani.

Bibi harusi wa kwao alikaa nyuma ya kiambaza cha matete mpaka mama mkwe aseme basi. Hushiki jembe, hushiki kisu, hushiki sindano, hata ufagio hushiki. Unakaa kwenye nyasi zilizotandikwa chini, unaletewa maziwa, unanenepa. Ukitoka ni kwenda uani tu, umefunikwa nguo hadi kichwani, na mama mkwe ametangulia mbele. Wajukuu wangu wa kike nikiwasimulia husema, "Bibi, hiyo si ilikuwa raha?" Wakae wao. Mimi niliyajua matete ya kile kiambaza moja moja, lipi limepasuka na lipi lina tundu la mdudu.

Sasa habari ya shati. Mgodi wa bati upande wa Kyerwa ulitaka karani wa kuandika magunia. Mume wangu alikuwa amesoma misheni hadi darasa la nne, na mwandiko wake ulinyooka. Nyapara mmoja wa mgodini, mtu wa ukoo wa mama yake, alimwambia aje Jumatatu na shati jeupe lenye kola, limefungwa hadi shingoni.

"Bwana Mkubwa hapendi mtu anayepwaya," alimwambia. "Akikuona shati linapepea atasema una kifua."

Kifua ndicho kile kikohozi cha muda mrefu. Waliodhaniwa kuwa nacho walirudishwa makwao palepale getini.

Kazi hiyo ilikuja na nyumba. Chumba kimoja, paa la bati, mlango wa mbao wenye komeo kwa ndani. Mume wangu alinieleza nikiwa kwenye nyasi zangu, na katika maneno yake yote mimi nilishika hilo komeo. Mlango ambao nitaufunga mwenyewe, na nitaufungua mwenyewe nikitaka. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufa, mume wangu ndiye mtoto pekee aliyebaki, na nilijua kwamba akiikosa kazi ile nitatoka nyuma ya kiambaza niingie jikoni kwa mama mkwe, na hapo ndipo nitakapozeekea.

Alikwenda Murongo kutafuta shati. Wakati ule mashati yalivuka mto kutoka upande wa Uganda, yamekunjwa ndani ya karatasi, mazuri ajabu, na yote yalikatwa kwa mwanamume mmoja ambaye kwetu hakuwepo. Alikuwa na shingo ya fahali na kifua kama mlango. Mume wangu alijaribu moja, kola ikamzunguka ikabaki na nafasi ya kuingiza ngumi. Mwenye duka alimgeuza huku na huku.

"Hili limekutosha," akamwambia. "Wewe na ndugu yako."

"Sina ndugu."

"Basi utafute."

Alimletea mashati ya wanafunzi. Hayo yalimkaa shingoni vizuri, mikono ikaishia kwenye kiwiko. Fundi mwenye cherehani pale barazani alisema atamshonea la kipimo chake, kisha akataja bei, na mume wangu akaondoka pale barazani. Mbuzi wake alikuwa amemuuza tayari, na mbuzi huyo alitosha shati la dukani, basi. Akanunua lile kubwa. Alirudi nalo kwapani kama mtu aliyebeba habari mbaya.

Alilivaa mbele yangu. Sikucheka. Nilimwambia, "Tafuta sindano, uzi na wembe."

"Wewe huruhusiwi sindano."

"Jumatatu inaruhusiwa kupita?"

Akazileta.

Kushona nilifundishwa nyumbani Rugera na mke wa mwalimu wa kanisa. Sisi tulikuwa wakulima, watu wa migomba na kahawa, na msichana aliyejua kupinda nguo alipata sifa. Lakini mke wa mwalimu alikuwa na utepe wa kupimia. Mimi nilikuwa na nyasi na matete. Nilimwomba mume wangu anikatie kamba kavu ya mgomba, nikamzungusha kifuani nikafunga fundo, nikamzungusha shingoni nikafunga fundo, nikashuka kutoka begani hadi kifundo cha mkono nikafunga jingine. Alisimama kimya, mikono ameinua, anacheka kwa sababu kamba ilimtekenya.

Nilishona mchana, mama mkwe alipokuwa anatikisa kibuyu kutengeneza siagi. Kibuyu kile kilikuwa na sauti yake, chwa, chwa, na kila kilipolia nilijua mikono yake iko wapi. Kikinyamaza nafukia shati chini ya nyasi na kukaa kama bibi harusi. Niliifumua kola nikaipunguza. Nikafumua ubavu wa kulia, nikakata kitambaa kilichozidi, nikashona mshono mdogo mdogo usioonekana. Ubavu wa kushoto niliubana kwa miiba, tayari kukata.

Jumamosi kibuyu kilinyamaza nami nikafukia. Sikujua kwamba alikuwa anakuja kubadili nyasi kwa ajili ya Jumapili. Aliingia na mzigo wa nyasi mbichi, akainama kuzoa zile za zamani, na mkono wake ukatoka na ile kamba yenye mafundo.

Aliinyoosha. Akaipima kwa macho. Halafu akauliza, taratibu kabisa, "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Nimekuuliza nani amekufa humu ndani nami sina habari."

"Nilikuwa napima shati, mama."

"Shati lina shingo? Lina mbavu?" Alishika fundo la kifuani. "Huyu ni mwanangu. Kamba ya mgomba inampima mtu ambaye hataongezeka tena. Baba yake nilimpima mimi kwa mikono hii, nikawapa wachimba kaburi. Ndugu zake nikawapima. Leo wewe umekuja kunipimia huyu, akiwa amesimama?"

Nyumbani kwetu pia kaburi lilipimwa kwa kamba, lakini kwa urefu tu. Kumzungusha mtu kifuani hakukuwa na maana yoyote. Sikulisema. Alikuwa anatetemeka, na mama yule sikuwahi kumwona akitetemeka.

Akaitia kamba motoni, akasimama mpaka ikaisha. Ndipo akasema, "Lilete."

Nikafukua shati. Akalipindua nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa kulia.

"Huku umekata."

"Nimekata, mama."

"Kilichokatwa kiko wapi?"

Nikampa vipande. Akavifunga kwenye pindo la nguo yake. Kisha akaugeukia ubavu wa kushoto wenye miiba.

"Huku hukati. Unakunja. Mkunjo ubaki ndani, upana wa kiganja changu, uwe wa mwili wake utakaokuja."

"Na sindano, mama?"

"Si umekwisha kuishika? Maliza, halafu unipe."

Nikamaliza, yeye ameketi mbele yangu, anaangalia kila mchomo wa sindano.

Jumatatu mume wangu aliondoka na lile shati. Kola ilimkaa shingoni kama ya mtu mwenye pesa. Upande wa kulia ulinyooka. Upande wa kushoto ulikuwa na unene kidogo chini ya kwapa, ukimwangalia sana utadhani ameficha kitu, lakini nani atamwangalia karani kwapani? Siku ile sikunywa maziwa. Yaligandia kibuyuni.

Akarudi jioni, jua halijazama. "Nimepata," akasema kutoka uani, kabla hajanifikia. "Na ufunguo wa nyumba nimepewa."

Nilianza kufunga mkeka wangu. Kweli kabisa, nilikuwa nimeshaukunja. Mama mkwe aliingia, akamsimamisha mwanawe, akaingiza vidole chini ya kwapa lake, akaubana ule mkunjo.

"Siku utakapoujaza huu," akamwambia, "nitajua ile kamba haikukufunga. Siku hiyo nitamtoa mkeo, nitamsindikiza mwenyewe hadi mlangoni kwako. Kabla ya hapo atakaa hapa, mahali ninapomwona."

Nilimtazama mume wangu. Yeye alitazama miguu yake.

"Mama amesema," akasema.

Ndivyo nilivyofungwa na shati nililolishona mwenyewe. Mume wangu alikaa mgodini, akawa anakuja Jumamosi kwa miguu na kurudi Jumapili kwa miguu. Mama mkwe alimsubiri na kibuyu. Alimwinulia, akamsimamia mpaka kiishe, kisha akamwita karibu na kuingiza vidole. Mkunjo ulikuwa palepale. Maziwa yale mwendo uliyamaliza kabla hajafika mgodini. Mimi niliyebaki ndani ndiye niliyenenepa. Nilinenepa mpaka bangili zikanibana. Majirani wakamsifu mama mkwe kwa kumtunza bibi harusi.

Mara moja nilijaribu. Nilimwambia mume wangu avae fulana mbili chini ya shati, tena zile nzito walizopewa wa mgodini. Nikaufumua mkunjo, shati likamjaa vizuri kabisa. Akasimama mbele ya mama yake, jasho linamtoka.

Mama mkwe akabana. Akabana tena.

"Hii ni fulana."

"Kuna baridi, mama."

"Na hii?"

Mume wangu akaushusha mkono.

"Na hii pia ni fulana. Mwanangu, ubavu wako naujua, niliuosha mimi. Vua." Halafu akanigeukia. "Urudishe mkunjo, bibi harusi."

Nikaurudisha.

Baadaye alinitoa nyuma ya kiambaza, kwa sababu hata yeye aliona aibu kumweka bibi harusi ndani muda wote huo. Nikaingia jikoni. Kutoka kiambazani hadi jikoni ni karibu sana. Sasa kibuyu kilikuwa mikononi mwangu, na yeye ndiye aliyesikiliza sauti yake.

Watu wataniuliza kwa nini sikurudi kwetu. Ng'ombe wa mahari yangu kaka yangu alikuwa ameolea, na ng'ombe hao walikuwa wameshazaa kwa wakwe zake. Ningerudi na nini? Wengine wataniuliza kama mama mkwe alikuwa ananidanganya. Nimelifikiria miaka mingi, nami nasema hapana. Aliogopa kweli. Lakini siku moja tukiwa tunamenya ndizi alisema, bila kuniangalia, "Ukienda wewe, nani atanitikisia kibuyu?" Hayo mawili yote yalikuwa kweli, na yote mawili yalikaa mlangoni.

Madini yakapungua, mgodi ukapunguza watu, mume wangu akarudishwa. Alikuja na shati lake, kola imelika, amerudisha ufunguo. Mama mkwe alimpokea, akampa maziwa. Safari hii hakubana ubavu. Nililifua shati, nikalipindua nje ndani nikalianika kwenye kahawa nje ya nyumba, na pale juani mkunjo ulionekana mweupe kuliko shati jingine lote, kwa sababu ulivaliwa siku moja tu, ile ya fulana.

Mume wangu aliishi mpaka mvi zikamjaa, mwembamba vilevile, amewazika wanene wengi. Vijana wangu wamemfuata yeye. Wananiletea mashati ya gulioni niyapunguze, nami nayapunguza. Napima kwa utepe, na sikati.

Ile nyumba niliiona mara moja, mama mkwe akiwa ameshafariki. Nilikuwa napita njia ya Kyerwa na ndizi kichwani. Bati zilikuwa zimeng'olewa, mlango umechukuliwa, kuta zimebaki usawa wa kifua changu. Nilitua mzigo. Niliingia pale palipokuwa na mlango, nikatazama chumba kilivyo kidogo, nikapapasa ukutani nikaona tundu la komeo. Kidole changu kiliingia. Nilikaa nacho humo kidogo, kisha nikajitwika ndizi zangu, maana gulio lilikuwa linafunga.