Kabari za Njiti

Mume wangu alikuwa na magari ishirini na matatu, na hatukuwahi kumiliki hata baiskeli. Yalikuwa magari madogo ya chuma, kila moja likienea kiganjani, milango yake ikifunguka kwa ukucha. Aliyanunua moja moja kila mwisho wa mwezi, katika duka la Mhindi mmoja, kabla Wahindi hawajafukuzwa nchini na duka lake kupewa mtu mwingine, ambaye aliuza vilivyokuwamo kisha akafunga. Aliyapanga kabatini sebuleni kwetu Bugolobi, Kampala, kila moja ndani ya kiboksi chake, na mimi nilikatazwa hata kuyapangusa vumbi. Kabati lile lilikuwa mke mwenzangu, na kusema kweli tuliishi naye kwa amani.

Kisha yakaja mambo ya ada. Binti yetu alikuwa anasoma Kisumu, akikaa kwa mama yangu, na wakati ule ukivuka mpaka na shilingi za Uganda ulikuwa umebeba karatasi tu. Lakini kulikuwa na daktari wa meno Nairobi ambaye zamani aliishi Kampala, naye alikuwa mteja wa duka lile lile la magari. Akaandika kwamba yeye na rafiki zake wako tayari kuyanunua, na kila gari likifika atampelekea mama yangu fedha moja kwa moja. Sharti lake lilikuwa moja: asione mkwaruzo. Alikagua magari kama anavyokagua magego. Gari likikataliwa, binti yetu angerudishwa nyumbani, na mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kumwandikia mama barua ya kumkumbusha.

Gari la kwanza, la kijani, mume wangu alilifunga mwenyewe. Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, na mafundi hawaamini kitu kisichokazwa. Alilizungushia magazeti mpaka likawa kubwa kama papai, akalitia ndani ya boksi la majani ya chai, akalivika kitambaa cha marekani, akashona pande zote kwa uzi wa viatu, na kila mshono akaupiga lakiri nyekundu. Baada ya wiki tano likarudi, pamoja na barua ya upole kutoka kwa daktari. Marekani ilikuwa imechanwa kwa kisu katikati na kufungwa tena kwa kamba. Mlango mmoja wa gari ulikuwa umeng'oka, na ndani ya boksi haukuwamo.

Hatukuhitaji kuambiwa. Pale posta kuu palikuwa na meza ambapo askari walifungua kila mzigo unaokwenda nje ya nchi. Kwa siku tatu mume wangu aliacha nusu ya chakula chake kwenye sahani. Nilimhurumia, halafu nikakasirika. Ndivyo nilivyoumbwa, huruma yangu haikawii kugeuka hasira.

Muda si mrefu mashine ikambana mkono wa kulia, na hospitali ya Mulago wakamfunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Kazi ya kufunga ikaniangukia mimi. Akakaa kitini kuniamuru: magazeti zaidi, kaza hapa, kaza pale. Nikaweka mkasi chini.

"Wewe ulimfungia daktari," nikamwambia. "Daktari si wa kwanza kufungua. Wa kwanza ni askari."

"Kwa hiyo sasa tumfungie askari zawadi?"

"Tumfungie kitu anachoweza kukirudisha kilivyokuwa. Ukikaza hivyo anadhani umeficha bunduki."

Akanitazama kama mtu aliyejutia mahari. Lakini mkono ulikuwa kwenye plasta, angefanya nini?

Kwetu mayai husafiri ndani ya kikapu chenye punje za wimbi. Yai halikazwi, linalazwa, na anayetaka kuliona atalifukua na kulifukia tena bila kufundishwa na mtu. Nikaenda sokoni Kamwokya nikanunua maganda makavu ya mgomba, wenyeji wanayaita byayi, nikayaanika siku mbili zaidi maana muuzaji aliniapia yamekauka na mimi nilimjua muuzaji. Nikasuka kiota cha kulilaza gari la pili ndani ya boksi, na kiota kingine cha kulifunika. Marekani niliishona pande tatu tu. Upande wa nne nikauacha wazi, nikachomeka sindano na uzi kwenye kola ya gauni, nikaenda posta.

Niliogopa. Nyuma ya meza alisimama askari mrefu wa kaskazini, kisu kidogo mkononi.

"Mama, ndani iko nini?"

"Gari ya kuchezea, afande. Fungua tu, sijaishona."

Akatazama ule upande ulio wazi, akaweka kisu mezani. Alilitoa gari kwa vidole viwili, akalizungusha, akafungua mlango polepole sana na kuufunga. Nilishangaa kuona mkono mkubwa vile ukiwa na adabu vile. Halafu akalipindua, akapuliza magurudumu, yakazunguka.

"Hii itakwaruza," akasema. "Tairi inacheza. Itatembea ndani ya boksi mpaka Nairobi."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi nilikuwa dereva ya lori. Tukipandisha lori kwa treni, hatuachi hivi. Tunaweka mbao kwa tairi, mbele na nyuma."

Akatoa kiberiti mfukoni. Humo aliweka pia njiti zilizokwisha kuwaka, akachagua chache, akazikata kwa kile kisu vipande vinane na kuvichongoa. Akalilaza gari kiotani na kuchomeka kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu. Foleni nzima ilisubiri. Alipomaliza akanipisha kona ya meza, nikashona upande wa nne mbele yake, akagonga muhuri.

Nyumbani mume wangu alinuna. "Askari ndiye wa kukufundisha kufunga gari langu?" Lakini ikaja barua ya mama: fedha zimefika, mtoto yuko darasani. Na daktari akaandika kwamba yote yaliyobaki yafungwe vile vile. Kuanzia hapo mume wangu akawa anaokota njiti jikoni, akizichonga kwa mkono wa kushoto na kuzilainisha kwa msasa. Wageni aliwaambia hayo ni maarifa ya ufundi. Nilimwachia, nilikuwa na furaha mno hata sikutaka kubishana.

Tulituma gari baada ya gari kwa karibu miaka miwili, na hakuna hata moja lililorudi. Askari yule alifungua, akatazama, akarudisha. Mimi naye tukawa tunaulizana sukari imepatikana wapi, maana madukani ilikuwa imeadimika. Binti yetu alipomaliza kidato cha nne, kabatini lilibaki lile la kijani tu, lisilo na mlango.

"Mpelekee yule afande wako," mume wangu akasema, na akazichonga mwenyewe zile kabari nane.

Askari alifunua kiota, akalitambua. Hakulishika.

"Hii haiendi Nairobi?"

"Haiendi. Ni yako. Mlango mmoja hauko, lakini tairi nzima."

Halafu akatoa mfukoni kile kiberiti, akasukuma njiti zilizoungua kwa kidole, na chini yake akatoa kipande cha karatasi ya sigara kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na mlango wa kijani, mdogo kama ukucha.

"Ilianguka chini ya meza," akasema. "Nimeiona wakati boksi imeshaenda."

"Miaka miwili, afande. Kwa nini hukuniambia?"

Akatazama sindano iliyochomekwa kwenye kola yangu.

"Niliogopa mama atakasirika."

Nikalishika gari kwa mikono miwili lisitikisike, naye akaurudisha mlango kwa ncha ya kisu.