Bata wa Kusimama Haliwi Kwangu

Kwetu mgeni hakatai nyama. Ukiikataa, umemwambia mwenye nyumba kwamba sufuria yake ni chafu, au umemwambia unaogopa kurogwa, na yote mawili ni matusi. Mimi niliikataa, mjini Beni, kwa mzee aliyenipokea vizuri, tena kwa sauti kubwa, nikiwa mlangoni mwa jiko lake bila viatu. Wanaosema sina adabu waendelee tu kusema. Nieleze kwanza kilichonipeleka pale.

Habari yenyewe ni ya bata. Si wale wakubwa wenye nyama nyekundu usoni, ambao wamejaa katika kila parcelle, kila kiwanja cha nyumba, pale Butembo na wanapumua kama mtu mwenye pumu. Bata wa mama yangu ni wembamba na wanasimama wima. Ukimwona kwa mbali utasema chupa ya bia imeota miguu. Hawatembei kwa kuyumba, wanakimbia, wote pamoja, na hawaruki hata ukiwafukuza. Hawaatamii pia: jike anaangusha yai popote alipolala, na asubuhi ameshalisahau. Ndiyo maana lazima uwe na kuku wa kuatamia mayai yao.

Mama aliwapata kwa masista waliokuwa wakiwafuga nyuma ya misheni, Mutwanga, wakati mimi bado nanyonya. Masista waliondoka, bata wakabaki kwake. Nimekua nikijua kwamba bata wa kusimama wanapatikana kwa mama tu, na nilikuwa siwapendi hata kidogo. Mimi ni mshonaji. Bata anayeingia mahali penye vitambaa vya watu ni adui yangu.

Siku vita ilipotukimbiza Mutwanga, pickup iliyotubeba ilibaki na nafasi ya kitu kimoja. Niliweka cherehani yangu kando ya barabara, tayari kupakiwa, nikaenda kukusanya watoto. Niliporudi, cherehani ilikuwa bado chini, na juu ya pickup kulikuwa na kitunga chenye bata sita, mama amekikumbatia kwa mikono miwili.

"Mama! Cherehani yangu!"

"Cherehani banauzishaka ku Butembo," alijibu. "Hii bata, hapana fasi banaiuzisha."

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Nililia mpaka Beni, na kutoka Beni mpaka Butembo sikumsemesha mama hata neno moja. Cherehani ile ilikuwa mkono wangu, ilikuwa shule ya watoto wangu, na mama aliiacha barabarani kwa ajili ya ndege wanaokunya kila mahali. Mpaka leo nikisema habari hii roho inapanda.

Butembo tulipokelewa na shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Anauza misumari na saruji, na ndiye mkubwa wa ukoo. Alitufungulia nyumba ndogo nyuma ya parcelle ya familia, sikatai, aksanti kwake. Juma la tatu mbwa aliingia akaua dume letu. Wakabaki majike watano bila dume. Shemeji alikuja mwenyewe na dume lake kubwa chini ya kwapa, lile la uso mwekundu.

"Bata ni bata," alisema. "Hii yangu itazalisha batoto ya nguvu. Zile zenu ziko mifupa tu."

Alipotoka, mama aliniambia polepole: "Ile hapana ya ukoo wabo, mwanangu. Usichanganye."

"Mama, mutu ametupa nyumba, mimi nikatae bata yake?"

Hiyo ilikuwa sababu ya mdomoni. Ya moyoni ni kwamba nilitaka kuona nyama. Nilitaka bata waliokula nafasi ya cherehani yangu wawe na faida fulani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilivunjika taratibu sana, sikusikia hata maumivu. Watoto wa dume lile walitoka wakubwa ajabu. Shemeji aliwaonyesha wageni kama aliwazaa mwenyewe, na siku ya Noeli akapeleka wawili kwa wakwe zake.

Mwaka uliofuata nikawawekea kuku mayai ya hao wakubwa. Siku ya kumi nikayainua moja moja mbele ya taa ya simu. Yai zuri linaonyesha nyuzi nyekundu ndani, nyembamba sana. Haya yalikuwa meupe yote. Nikaweka mengine, meupe tena. Mara ya tatu kuku alikalia bure mpaka akabaki manyoya na mifupa, mama akamwondoa kwa nguvu. Ndipo veterineri mmoja wa sokoni, daktari wa mifugo, akaniambia ukweli: mchanganyiko ule ni kama nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, anazaliwa, anakua, anaishia hapo.

Nikaenda kuwaangalia majike wa zamani. Mmoja alikuwa ameibwa, wawili walikufa kwa ugonjwa. Wamebaki wawili, wazee. Yaani kazi ya mama ya miaka yote ilikuwa inaishia mikononi mwangu, na si vita iliyoimaliza, si mbwa, ni ukaidi wangu. Na cherehani yangu ilikuwa imeachwa barabarani bure kabisa. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu nakasirika. Nilisema, hapana, hawa bata hawatakwisha. Hawawezi kunipotezea cherehani halafu waende zao.

Mama hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba zamani aliwahi kumpa jike na dume fundi mmoja wa matofali kutoka Beni, aliyekuja Mutwanga kujenga ukuta wa dispensaire, zahanati yetu. Nilikumbuka vizuri, kwa sababu siku hiyo nilimlaumu: kwa nini unagawa bure?

"Kama iko muzima, iko nabo," alisema.

Barabara ya Beni hapana mtu wa kwetu asiyeijua. Kuna siku inapitika na kuna siku mnangoja risasi zinyamaze. Shemeji alisema nimepata wazimu, mama ya batoto kuhatarisha maisha kwa ajili ya bata. Nilimwambia wazimu wangu hauombi ruhusa. Nikapanda pikipiki na kitunga mapajani, nikasali rozari nzima mgongoni mwa yule kijana mwendeshaji.

Beni kulikuwa na joto, kakao imeanikwa juu ya maturubai kando ya njia. Niliuliza mara mbili tu. Kila mtu katika mtaa ule alimjua fundi mzee mwenye bata anayesimama kama mtu. Aliponiona langoni alisema: "Hii uso ni ya mama fulani wa Mutwanga," akanishika mikono, akaniingiza sebuleni.

Sasa, kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala, na mgeni mwenyewe hakisemi. Nilikaa kama nilivyofundishwa. Nikaletewa maji. Tukaanza salamu: mama je, batoto je, mashamba je, nani amekufa. Mimi najibu, jicho liko dirishani. Na nikamwona! Dume, wima, mweupe mwenye madoa ya kahawia, unyoya wa mkia umejikunja juu. Yuko peke yake uani. Moyo ulinipiga mpaka nikaogopa mzee ataona kitambaa cha kifuani kinaruka.

Mzee alikuwa amefika kwenye salamu za marehemu mume wangu niliposikia mbio nyuma ya nyumba. Miguu ya mtu, halafu sauti ya bata. Jike wa bata hawa anapiga kelele, lakini dume sauti yake imekauka, kama mtu aliyeimba usiku kucha. Niliijua sauti ile. Na nikajua chakula changu cha mchana ni nini.

Niliinuka katikati ya neno la mzee. Viatu vilibaki chini ya kiti. Nilimkuta mke wake amembana dume kwapani, kisu kiko juu ya jiwe.

"Mama, achilia ile bata!"

"Ni yako, binti yangu," alinijibu akicheka, alidhani naona haya. "Mugeni wa kutoka mbali vile hapana kula sombe tupu."

"Mimi sikule nyama yenu! Leo sikule!"

Lo! Kicheko kilikatika. Mzee alikuwa amenifuata, akasimama nyuma yangu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimekukosea nini?" aliuliza. "Nyumba yangu iko na nini, unakataa nyama yangu?"

Nikasema yote palepale, bila mpango, pickup, cherehani, mbwa, dume la shemeji, mayai meupe, na wale wawili waliobaki. Nilisema mpaka nikalia, na nilikuwa nalia kwa hasira. Mama yule alimlegeza dume polepole, lakini hakumwachilia. Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Majike wake, alisema, waliisha mmoja mmoja. Dume huyu alimweka miaka miwili peke yake, kwa sababu hakuona mtu wa kumfaa. "Dume bila jike ni nyama tu. Nilikuwa nangoja mugeni wa maana."

Ina maana heshima yangu mwenyewe ndiyo ilikuwa inamchinja. Tungechelewa salamu tatu, ningekaribishwa mezani nimle.

"Umeninyima haki yangu mu nyumba yangu," mzee aliendelea. "Hiyo sitaisahau. Beba bata. Lakini utanirudishia jike na dume, nisikufe bila kuwaona tena."

Nilimwomba msamaha, nikala sombe yao, yale majani ya muhogo, sahani mbili, na ile ya pili sikuwa na nafasi yake tumboni.

Mama alimpokea dume. Alimpapasa kifua, akamkagua miguu, akamweka chini mbele ya wale bibi wawili. Mmoja alikuwa ameacha kabisa kutaga. Wa pili alitoa yai dogo, leo ndiyo, kesho hapana. Tulikusanya tisa, tukamwekea kuku, na kwa kuwa kuku hana manyoya yenye maji kama bata, mama aliyanyunyizia maji ya vuguvugu kwa vidole. Siku ya kumi nilichukua simu. Mama haoni vizuri tena, alisimama pembeni yangu ameshika gauni langu.

"Unaona?"

"Naona."

"Ngapi?"

"Ine."

Alikaa chini, palepale penye udongo, akalia. Mimi pia.

Wanne wakatoka. Walipokuwa na majuma mawili tu walikuwa wanasimama. Majike wawili kati yao walitaga, na baada ya mwaka mmoja parcelle ilikuwa na bata kumi na wanne wanaokimbia kwa mstari, na watu wakiegemea ukuta kuwacheka.

Jumapili moja baada ya misa shemeji alikuja na wanaume wawili wa ukoo. Aliwaangalia bata, akasugua mikono.

"Leo tunaonja hii ya kusimama."

"Hapana, shemeji. Nimepika maharagi na mafuta ya mawese."

"Nimesema bata."

"Nimesikia."

"Fasi hii ni ya nani?"

Wale wawili waliangalia viatu vyao. Nilimjibu kwamba nyumba ni yake, akinitoa nitatoka, lakini bata si wa nyumba. Mama, ambaye kwa heshima hajawahi kupingana na mkwe wa kiume, alisema kutoka kwenye mkeka wake: "Baba, hawa beko badéplacés sawa siye. Badéplacés hatubakulake." Yaani bata hawa ni wakimbizi kama sisi, na mkimbizi haliwi. Mmoja wa wanaume alicheka. Shemeji hakucheka. Alisema atarudi Jumapili ijayo na kisu chake mwenyewe, tuone nani ni chef, nani mkubwa wa parcelle.

Juma lile sikugusa cherehani ya kukodi niliyokuwa nashonea. Jike na dume nilimpelekea mzee wa Beni kwa mkono wangu. Wengine wawili nilimpa mke wa msafirishaji mmoja Mwislamu, mteja wangu, upande wa pili wa mji. Wawili walikwenda Lubero kwa masista. Wawili wakapakiwa kwa mama mmoja aliyekuwa anarudi Mutwanga kuangalia shamba lake, nikamwonyesha jinsi ya kunyunyizia mayai. Wengine wanne, wawili wawili, waliingia nyumba za Butembo ambazo shemeji hata hazijui. Kila niliyempa nilimwambia: usiuze, ukizalisha mgawie mwingine.

Jumapili alikuja kweli, kisu kimefungwa ndani ya gazeti. Uani kulikuwa na jike mmoja na dume mmoja.

"Zingine ziko wapi?"

Nilimtajia Beni, Lubero, Mutwanga. Nyumba za Butembo nilimnyima.

"Hizi mbili ziko pale, shemeji, chinja. Utakuwa umekula siku moja. Hujamaliza kitu."

Alisimama akiwaangalia, nao wakasimama wakimwangalia. Halafu akaweka gazeti lake, kisu kikiwa ndani, chini ya kiti, akaomba maji ya kunawa, na mimi nikaenda kumpakulia maharagi.