Ufunguo Uonekane

Shangazi yangu Elinipendo hana adabu ya kunyamaza pale anapojua yuko sahihi, na mara nyingi yuko sahihi, ndiyo maana watu humchoka. Miaka thelathini alikuwa na studio ya picha hapa Njoro, mjini Moshi. Kazi iliyomjengea jina haikuwa harusi wala pasipoti. Ilikuwa ya wiki moja tu, ile ya kabla ya Krismasi.

Wachagga tunajulikana: Desemba ikifika, kila mtu anapanda mlimani, nyumbani kwao. Wenye maduka walimwita shangazi awapige picha mbele ya biashara zao zikiwa zimeshafungwa, kufuli mlangoni, sukari na mafuta ya kupeleka nyumbani yakiwa miguuni. Picha hiyo ndiyo iliyokwenda kuonyeshwa wazazi kule migombani. Na shangazi alikuwa na amri moja: "Ufunguo uonekane!" Mtu aliyeajiriwa hashiki ufunguo. Mzazi akiuona mkononi mwa mwanawe, alijua duka ni lake.

Mwaka huu yakaandaliwa maonyesho ya picha za maduka ya zamani ya Moshi. Mwandaaji alikuwa Fredy, mtu wa miaka arobaini, mstaarabu ila ana haraka. Shangazi alimpa picha sitini. Siku mbili kabla ya ufunguzi tukaenda kuziona ukutani, kila moja na kikaratasi cha maelezo chini yake. Nilijaa fahari, nikatamani kumwambia kila apitaye nje kwamba huyu ni shangazi yangu.

Yeye akapita picha moja moja, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, mpaka akafika kwenye moja ya mwaka 1984. Katikati alisimama mwanamume wa suti, kifua mbele. Pembeni yake kulikuwa na mwanamke mjamzito aliyevaa kitenge. Kikaratasi kilisema: "Leodegar mbele ya duka lake la kushona nguo."

"Hiki kibandue," shangazi akasema.

Fredy akatabasamu. "Mama, huyo ni marehemu baba yangu. Picha hii ilikuwa ukutani kwa bibi, Kirua Vunjo, tangu nazaliwa."

"Najua, niliipiga mimi. Na hilo tumbo ni wewe. Baba yako alikuwa karani, mtu mwema sana, lakini hakuwahi hata kutunga uzi kwenye sindano. Tazama mikono, mwanangu."

Fredy akasogea. Mikono ya baba yake ilikuwa mitupu. Ufunguo alikuwa nao mama yake, Dominika, ameuinua hadi kifuani.

"Nilijua mama alishona pale," akasema taratibu. "Nilidhani duka ni la baba. Mbona hajawahi kuniambia?"

"Wewe ulimuuliza? Picha ilipanda kwa wakwe zake, na wakwe walimtazama mtoto wao tu."

Fredy hakubisha. Alikibandua kikaratasi, akaandika kingine kwa mkono wake: "Dominika mbele ya duka lake. Njoro, Desemba 1984." Shangazi akakisoma mara mbili. "Chanda chema huvikwa pete," akasema, akaendelea na ukaguzi wake.

Siku ya ufunguzi Dominika alishuka kutoka Kirua akiwa na gauni alilolishona mwenyewe, na wallahi lilikuwa limemkaa. Mwanawe alimshika mkono, akampeleka mbele ya picha. Dominika akasoma polepole, kidole kikifuata jina lake. Sote tulisubiri alie. Mimi nilikuwa nimeshaanza.

Hakulia. Aligeuka akamtafuta shangazi.

"Elinipendo, filamu ya picha hii bado unayo?"

"Ninayo. Mimi situpi kitu."

"Basi nitolee nyingine, kubwa. Ile ilikwenda kwa wakwe. Mama yangu yuko Kibosho, ana miaka tisini na mbili na macho yake ni mazima. Hajawahi kuniona na ufunguo."