Siku ndiga ilitikisa kichwa na bibi harusi akiwa nyuma: vile niliituliza kwenye mteremko wa Asumbi

Wakuu wa humu, hamjambo. Nawaita wakuu kwa heshima tu, maana tukienda na umri, wengi wenu ni wajukuu zangu.

Nimesoma uzi wa yule kijana ambaye road bike yake inatikisika akifika speed kubwa kwenye mteremko. Mmejibizana mpaka mmetukanana. Mmoja anasema ni tairi, mwingine ni fremu, mwingine anamwambia auze anunue pikipiki.

Hakuna hata mmoja aliyemwambia huyo mtoto wa watu afanye nini na mikono yake saa ile jambo linamkuta.

Sasa kaeni chini. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hivyo kama kuna herufi imepotea msinifuate nayo. Lakini hii sikuhadithiwa. Niliishika na mikono yangu, na mtu aliyekuwa amekaa nyuma yangu bado yuko hai. Nikiongeza chumvi atanipigia simu.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru bado mbichi. Migori na Homa Bay hazikuwa kaunti, zote ziliitwa South Nyanza, na barabara ilikuwa murram. Jua likiwaka unakula vumbi, mvua ikinyesha unabeba baiskeli badala ya baiskeli kukubeba.

Kwetu ni upande wa Rongo. Baiskeli tunaita ndiga, hiyo ni Kijaluo. Boma letu lilikuwa na ndiga moja tu, nyeusi, nzito kama mlango wa kanisa, breki za vyuma. Ilikuwa ya baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yetu, na yeye ndiye alikuwa mzee wa boma.

Baba mdogo alikuwa na sheria moja: msichana anaweza kubebwa, lakini hapandi ndiga yake kuendesha.

"Msichana akipanda ndiga nani atamwoa? Ng'ombe wa mahari watamkimbiza na nini, na pedali?"

Sasa kaka yangu Ouma ndiye alikuwa anaitumia kuchukua samaki Homa Bay na kuuza Rongo. Mara nyingi tulienda naye. Tukifika mahali hakuna mtu wa kwetu, ananiachia naendesha, msichana mimi, yeye anatembea nyuma anapiga mluzi.

Siku ya kwanza ilinitikisikia na kikapu cha ngege nyuma, niliikaba usukani kama mwizi. Tulilala kwenye mtaro, mimi na samaki.

Ouma alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema, "Akoth, hiyo si fahali. Ukiikaba inakasirika. Shika kama umeshika kifaranga, halafu bana bomba la juu na magoti."

Niliweka hayo maneno kichwani. Darasa langu la nne lilikuwa hilo.

Basi, dada yangu Adhiambo akapata mchumba. Kijana mzuri, mpole, anafanya kazi kwa majani chai Kericho. Ndoa ikapangwa misheni ya Asumbi.

Na hapa ndipo mambo yalikuwa yamebana. Padri alikuwa anafungisha ndoa kadhaa kwa misa moja, halafu anapanda pikipiki yake kwenda kuzunguka makanisa ya mbali. Na bwana harusi likizo yake ilikuwa inaisha, kesho yake lazima apande basi la Kericho. Bibi harusi akichelewa misa, ni kungoja mpaka likizo ingine. Adhiambo alikuwa ameshangoja likizo nzima moja, akakonda.

Kitu kingine, gauni. Gauni jeupe lilikuwa la kuazima pale misheni. Wasichana wote walivaa hilo hilo, likifuliwa linaenda kwa mwingine. Lazima lirudi jeupe vile lilitoka.

Mpango ulikuwa Ouma ambebe Adhiambo kwa ndiga. Watu wengine wote wakaanza kutembea kabla ya jua, baba mdogo akiwa mbele na kofia yake ya harusi.

Asubuhi Ouma akatoka nje anaruka na mguu mmoja. Jana yake alikuwa amekanyaga mwiba wa mumi, yule kambare, na mguu umefura kama kiazi kikuu.

Tulikuwa tumebaki sisi wanne tu: Adhiambo ndani ya gauni, Ouma na mguu wake, mimi, na waya wetu. Waya ni shangazi, dada ya baba. Alikuwa ametoka Kisegi na jogoo mkubwa mwekundu wa kupelekea wakwe.

Ouma akanitazama. Mimi nikatazama ndiga. Adhiambo akaanza kulia.

"Akoth, chukua," Ouma akasema.

"Na baba mdogo?"

Waya akajifuta macho na leso. "Mimi leo sioni vizuri. Moshi wa jikoni umeniingia. Nani amepanda nini, sijaona. Vaa kaptula ya Ouma ndani ya nguo, haraka!"

Nikavaa.

Tukamzungushia Adhiambo leso juu ya gauni, vumbi lisimguse. Akakaa upande upande kwenye keria, miguu yote upande mmoja, vile mwanamke mwenye heshima alikuwa anakaa. Waya akamwonya: "Wewe ni bibi harusi. Usioneshe meno mpaka utoke kanisani. Anayecheka, wakwe watasema alikuwa amechoka na kwao."

Halafu waya akamfunga jogoo miguu na kumning'iniza kwenye usukani.

Nikasema, "Waya, huyo akae nyuma."

"Nyuma? Zawadi ya shangazi inatangulia bibi harusi, haimfuati kama deni. Nenda!"

Wenye akili mmeshaona kosa liko wapi. Mimi pia niliona. Lakini siku hizo mtu hakuwa anabishana na waya.

Tukaenda. Njia tambarare haikuwa na shida. Vilima vya kupanda tulishuka tukasukuma, Adhiambo ameshika gauni kama ameshika maziwa. Jogoo alikuwa amefunga macho, ametulia, nikafikiri ameokoka.

Tukafika juu ya ule mteremko wa mwisho. Chini kuna kijito na daraja la mbao, ng'ambo kuna kilima kidogo, halafu misheni.

Kengele ikalia.

Adhiambo akasema kwa sauti ndogo, "Akoth, tukitembea hatufiki."

Alikuwa anasema kweli. Nikamwambia ashike, nikaachilia.

Wakuu, ndiga nzito yenye watu wawili ikishika mteremko haiombi ruhusa. Upepo ulianza kuimba kwa masikio. Leso ikatoka kwa Adhiambo, ikabaki imeshikwa na fundo moja, inapepea nyuma kama bendera.

Halafu upepo ukaingia kwa manyoya ya jogoo. Akafungua macho. Akafungua mabawa, yote mawili.

Mwanzo nilisikia kwa vidole tu, kama mtu anachekecha unga. Halafu kwa viwiko. Halafu usukani ukaanza kwenda huku na huku wenyewe, pa-pa-pa-pa, gurudumu la mbele likikataa, na keria ya nyuma ikimrusha dada yangu kushoto na kulia.

"Akoth! Unacheza?"

"Sichezi! Ni ndiga!"

"Basi iambie iache!"

Sasa sikilizeni hapa, hasa wewe kijana wa road bike. Saa hiyo mwili wako wote unakuambia kaba usukani na uvute breki ya mbele. Mwili wako ni mwongo.

Nilibana lile bomba la juu na magoti, nikabana kabisa, nguo ikapanda, kaptula ya Ouma ikaonekana na Asumbi nzima. Nikaacha kukanyaga pedali. Nikainua makalio kidogo tu kwenye kiti, uzito uende kwa miguu. Mikono nikailegeza, viwiko vikakunjika. Kifaranga, kifaranga, kifaranga, nikawa nasema hivyo kama rozari.

Lakini bado, maana mzigo wa nyuma ulikuwa unaruka. Mzigo ukiruka, ndiga haiwezi kutulia.

Nikapiga kelele: "Nikumbatie! Weka kifua kwenye mgongo wangu!"

"Gauni litakunjamana!"

"Likunjamane!"

Akanishika kiunoni kama anataka kunikata. Tukawa mtu mmoja. Nikagusa breki ya nyuma, nikaachia, nikagusa tena, pole pole, kama unamlaza mtoto.

Ikatulia, kama mtu amegombana weee halafu akachoka.

Sasa chini pale darajani walikuwa wamesimama watu wa bwana harusi wametoka kutulaki, na katikati yao baba mdogo. Wao kitu walichoona ni ndiga inashuka inacheza kiuno, jogoo mwekundu amefungua mabawa mbele, leso inapepea nyuma. Wakadhani ndivyo watu wa Rongo wanaleta bibi harusi!

Yawa! Vigelegele vilivyopigwa pale. Nyanya ya bwana harusi akaanza kucheza na bakora yake. Watu wakaruka kando, tukapita darajani mbao zikilia, kile kilima cha ng'ambo kikala speed yetu yote mpaka tukasimama wenyewe karibu na mlango wa kanisa.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Baba mdogo alikuwa amevua kofia, ameiweka kifuani, kama mtu anaona maiti ikipita.

Nikasikia Adhiambo anatetemeka kwenye mgongo wangu. Nikajua analia. Nikageuka.

Alikuwa anacheka. Amejaribu kufunga mdomo kama waya alivyomwambia, na kicheko kinatokea puani.

Aliingia kanisani hivyo. Padri akamwuliza kama anamkubali huyu mwanamume. Adhiambo akafungua mdomo aseme ndiyo, jogoo akawika huko nje, na basi, akaisha. Alicheka akashika kiti. Bwana harusi maskini akawa anajitazama suruali, anafikiri anachekwa yeye. Padri akangoja, akakohoa, halafu na yeye mabega yakaanza kuruka. Ile "ndiyo" ilitoka na machozi. Sijawahi kusikia ndiyo ingine nzuri kama hiyo.

Gauni lilirudi jeupe. Limekunjamana, lakini jeupe.

Tulipotoka, baba mdogo alikuwa amesimama na ndiga yake. Anaizunguka kama mtu ananunua ng'ombe. Mimi nikavuta nguo ifunike kaptula.

Akainua gurudumu la mbele, akatikisa usukani. Ka-ka-ka.

"Shingo imelegea," akasema.



Akaingiza mkono kwenye koti. Huyo mzee alikuwa anatembea na spana hata kanisani. Akanipa mimi, si mwanamume yeyote aliyesimama pale.

"Anayeipanda ndiye anayeikaza," akasema, akavaa kofia yake, akaenda kula.

Nilikaza pale pale, mbele ya wakwe, na kutoka siku hiyo hakuna mtu alinikataza tena. Na niliolewa pia, ng'ombe wa mahari walinifikia bila pedali.

Kwa hivyo vijana, acheni kutukanana. Kabla hujashuka kilima, kaza shingo, angalia magurudumu, na usining'inize kitu kwa usukani hata kama shangazi ndiye amekutuma. Ikikukuta tayari, bana magoti, legeza mikono, tumia breki kwa adabu. Hofu ikae kwa miguu, isikae kwa vidole.

Dada yangu alibaki Kericho na mume wake wakazaa, wakapata wajukuu. Nikimpigia simu, kabla ya salamu anauliza, "Jogoo ametulia?"

Haya, nimemaliza. Semeni na nyinyi, ni nani imewahi kumtikisikia na alifanya nini. Matusi sitaki, nitajibu ninavyojua. Na wewe mwenye road bike uanze: shingo umekaza, ama bado unabishana?