Laptop Iliyoombewa Kabla ya Kuwashwa

Nilipata habari nikiwa kwenye foleni ya mkate, Jumanne asubuhi. Mama mmoja wa mtaani kwetu, muuza mihogo, alinigusa bega akaninong'oneza: "Mwalimu, ulisikia? Papa Sekretere alishakufa. Balimukuta asubuyi analala tu, sawa muntu mwenye kuchoka." Nilimwuliza kama ana hakika. Lilikuwa swali la kijinga, maana hapa Kamina habari ya kifo haikosei nyumba. Nilitoka kwenye foleni bila mkate. Nilipofika kwake nilikuta benchi za kanisa zimeanza kupangwa uani, akina mama wanawasha moto, na mimi sikujua nikae wapi. Jamaa wa marehemu walikuwa upande wao, wazee wa kanisa upande wao, waliowahi kufanya naye kazi upande wao. Mimi sikuwa yeyote kati ya hao. Nilikuwa jirani aliyepita kwake Jumamosi, basi.

Wengi wenu mlimjua kwa jina hilo tu la Papa Sekretere, yaani Baba Katibu, kwa sababu miaka mingi alikuwa mwandishi wa ofisi katika shule ya misheni, mtu wa mashine ya kuchapa. Nusu ya mji huu ina cheti kilichopita chini ya vidole vyake. Alistaafu, mashine ikafungiwa stoo, mke wake akafariki, akabaki na binti mmoja, muuguzi, aliyeolewa Afrika Kusini. Binti huyo hakuwa amerudi nyumbani tangu aondoke. Makaratasi yake ya ukaazi kila mwaka yalisemekana kuwa karibu kutoka, na akivuka mpaka kabla hayajatoka, huenda asiruhusiwe kurudi kwa watoto wake. Mzee alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, na hakulificha: amwone binti yake na wajukuu, nao wamwone, kabla hajafa. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Simu za kisasa alizikataa, macho yake yakiwa na ukungu, na vidole vyake, kama alivyosema mwenyewe, vilizoea kugonga, havikujua kupapasa. Basi binti akatuma fedha za laptop, au ordinatere, kama tunavyoiita huku. Na kwa kuwa mimi hupenda kujifanya mjuzi wa mitambo, mzee alinigongea mlango akaniomba nimsindikize Lubumbashi kuinunua.

Dukani nilijikakamua nikauliza habari za kumbukumbu ya mashine, nguvu ya betri na ukubwa wa kioo, nusu ya majibu yakinipita juu ya kichwa. Mzee yeye aliuliza jambo moja, kama herufi zimepangwa kama zile za mashine yake ya zamani. Zilikuwa hivyo hivyo, akatabasamu. Muuzaji, mwenye adabu zake, akatueleza masharti bila kuficha: "Papa, garanti iko mwaka moja. Kama iko na shida, unairudisha mbele ya siku saba, na kartoni yake na faktire, tunakupatia ingine palepale. Nyuma ya siku saba, tunaituma ku reparasio, kwa mafundi, na kule inaweza kukawia sana." Kwetu "mbele ya" siku ni kabla yake, na "nyuma ya" ni baada yake. Kisha akachukua wembe akate gundi ya kartoni, aiwashe tuione. Mzee akaweka kiganja chake juu ya kartoni.

"Apana, mwana. Usifungule. Kintu ya mupya tunaifungulaka nyuma ya maombi."

"Lakini Papa, tunapashwa kuijaribu mbele yako."

"Mungu njo ataijaribu."

Muuzaji alinitazama mimi. Nikamweleza mzee kwamba Mungu hawezi kuchukia tukiangalia kama kitu kinawaka, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, halafu akabeba kartoni yake akatoka nje. Wasomaji wa mbali huenda hawajui desturi hii, kwa hiyo niieleze. Kanisani kwetu, mtu akipata kitu kipya, cherehani, baiskeli, hata redio, hukileta Jumapili kikiwa bado kimefungwa, kikawekwa mbele, kanisa likasimama kumshukuru Mungu, ndipo mwenyewe akaenda kukifungua nyumbani. Kukifungua kabla ya hapo ni kama kuingiza mkono sahanini wenzako wakiwa bado wamefumba macho. Ni desturi nzuri. Ilianza zama ambazo kitu kipya kilikuwa jembe au sufuria, na jembe halina siku saba za kurudishwa.

Treni ya kurudi ilituweka siku kadhaa Luena, kituo cha njiani, kwa sababu ambazo hakuna aliyetueleza. Jumapili ilitupita tukiwa ndani ya behewa, tunakula mahindi ya kuchoma, kartoni ikiwa juu ya mapaja ya mzee, hata alipolala hakuiweka chini. Nilimwambia siku za dukani zinakwisha. Akasema za Mungu hazikwishi. Ni maneno matamu hayo, lakini faktire, ile risiti ya duka, ilikuwa mfukoni mwake na tarehe ilikuwa juu yake. Tulifika Kamina katikati ya wiki, tukangoja Jumapili nyingine. Siku hiyo kanisa lilisimama, pasta akaweka mikono juu ya kartoni, akina mama wakapiga vigelegele, na mzee akalia mbele ya watu wote bila kuona haya. Tulipofika nyumbani kwake tuliifungua, nikamwandalia mashine: lugha Kifaransa, herufi kubwa kabisa, sauti mpaka mwisho. Mashine ikauliza majina ya watakaoitumia. Nikamsomea swali hilo. Akatazama chumba chake, akasema, "Andika yangu tu. Nani mwingine iko humu?"

Jioni ile tulimpigia binti simu ya picha. Akatokea yeye na watoto wake wawili, wamebanana kwenye kioo, wanacheka. Mzee akashika meza kwa mikono miwili. Lakini upande wa kule binti alikuwa anauliza, "Papa, uko wapi? Tunaona giza tu." Nilibonyeza kila kilichobonyezeka, nikazima nikawasha, nikatafuta hata kifuniko cha kamera, hakipo. Kamera ilikuwa imekufa. Sauti ilifika, uso haukufika. Kesho yake nikampigia muuzaji, naye hakutukana wala hakukwepa. Alisema siku za kubadilishiwa zimepita, lakini garanti iko hai, tuitume, itapelekwa kwa mafundi, na wakishindwa tutapewa nyingine. Nikadhani nimeleta habari njema.

"Mwalimu, kanisa yote ilisimama juu ya hii mashini," mzee aliniambia. "Sasa niirudishe? Niseme Mungu, ile tulikushukurua, haina muzuri? Na kama banaleta ingine, ile ingine nani aliiombea?"

Nilibishana naye wiki nzima. Mnanijua, nikianza ubishi siachi. Nilimletea hata pasta, ambaye alisema waziwazi kwamba hakuna dhambi kurudisha kitu kibovu. Mzee akamshukuru pasta, akampa chai, na mashine ikabaki mezani.

Basi ndivyo tulivyoishi. Kila Jumamosi, siku ya posho kama bado tunavyoiita huku, nilikwenda kwake jioni, nikamwunganishia mtandao kwa simu yangu, nikakaa kwenye kiti cha nyuma. Yeye aliwaona, wao hawakumwona. Wajukuu walimwonyesha meno yaliyong'oka na madaftari ya shule, naye akanyoosha kidole kugusa kioo. Walipokata simu chumba kilikuwa kimya mno, kuliko kabla hawajapiga. Nitasema ukweli, nilikuwa naenda kwa ajili yake na kwa ajili yangu pia. Watoto wangu wa Kolwezi hupiga wanapokumbuka. Mimi na yeye hatukuwa marafiki wa kuambizana siri. Tulikunywa chai yetu, tukalaumu treni, nikaenda nyumbani.

Mwaka wa pili akaanza kukonda. Mwanzoni alisema ni malaria, kisha tumbo, kisha akaacha kusema. Daktari alipompa jina la ugonjwa hakumwambia mtu ila mimi, na mimi kwa sababu tu nilikuwa nimemsindikiza. Nikafikiri sasa ndio wakati. Nikampa simu yangu nikamwambia, zungumza na binti yako kwa hii, kamera yake nzima, akuone. Akairudisha mkononi mwangu. Nikaagiza kamera ndogo ya kuchomeka kwenye laptop, mfanyakazi mmoja wa reli akaniletea. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akasema "Wafwako", asante yetu ya Kiluba, akaiweka kabatini. "Sharti kwanza tuipeleke ku kanisa," akasema. Jumapili ikapita, na nyingine, na kanisani alikwenda mikono mitupu. Nilipochoka kungoja nikamwuliza kwa ukali, nikasema Mungu huyu wa kamera anachelewa sana. Akanijibu:

"Mutoto akiniona hivi, atakuya. Akikuya, kule habatamuacha arudie ku batoto yake. Leo naweza kusema niko muzuri, na ananiamini. Uiache, Mwalimu."

Kila posho tangu siku hiyo nilisikia binti akiuliza, "Papa, uko muzuri?" na baba akijibu "Niko muzuri, mama," kwa sauti ile nene aliyokuwa akisomea majina ya waliofaulu shuleni. Sauti haikukonda hata siku moja.

Nimewaza sana tangu Jumanne ile. Wazee wetu wa hapa, wa reli, wa shule, wa Base, ile kambi ya jeshi, walifanya kazi maisha yao yote ili watoto wasome, watoto wakasoma, na kusoma kukawapeleka mbali. Sasa nyumba baada ya nyumba ina kioo kinachong'aa mezani na mtu mmoja mbele yake. Tunaambiwa dunia imekuwa kijiji. Mimi nimeishi kijijini, na kijijini mtu akikonda, anayepita barabarani anamwona hata kama mwenyewe hataki, anarudi kwake na uji. Hakuna garanti inayofidia hilo. Vitu vya siku hizi vinakuja na masharti ambayo desturi zetu hazikuyajua, na sisi tumebaki katikati, tunaogopa kumvunjia Mungu heshima na tunaogopa kuwavunjia moyo watoto, kisha tunakaa peke yetu na mashine mbovu. Nasikitika kuyaandika haya, lakini ndivyo ninavyoona.

Binti alifika baada ya mazishi. Alikuwa amepanda basi, kisha ndege, kisha lori, na miguu ilikuwa imevimba. Makaratasi hayakuwa yametoka; alikuja hivyo hivyo, na kama ataruhusiwa kurudi kwa wanawe, hadi ninapoandika haya hajui. Kwa hiyo kile ambacho baba yake alikificha miezi yote ile ili kisitokee, kimetokea, ila kimetokea akiwa kaburini. Alinikuta nimekaa pembeni, bado sijapata upande wangu, akapiga goti kidogo kunisalimu kama tulivyowafunza wasichana zamani, akaketi mchangani mbele yangu.

"Mwalimu, weye njo ulikuwa unamuona. Balishamuzika, na mimi sikumuona. Uniambie. Uso yake ilikuwa namna gani?"

Nilimwambia yote, maana sikuona haki ya kumficha tena. Nilimwambia mashavu yaliingia ndani, ndevu zilikuwa nyeupe kabisa, shati lilimpwaya shingoni. Nilimwambia macho hayakubadilika. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kila Jumamosi, kabla sijawasha mashine, baba yake alioga, akachana nywele, akavaa koti lake la kanisani na tai, hata mwezi ule wa mwisho ambapo ilibidi nimshike mkono aingie kwenye koti.

"Juu ya nini?" aliniuliza sababu. "Si alijua hatumuone?"

"Alijua," nikasema. "Lakini yeye alikuwa anawaona ninyi."

Alilia, na mimi nikalia pamoja naye, na hakuna aliyetutenganisha.

Mnaonisoma, mkienda kununua mashine, ifungueni palepale dukani, iwasheni, hakikisheni kamera inawaonyesha sura zenu, ulizeni kwa kinywa chenu siku za kurudisha zinaanza lini na zinakwisha lini. Jumapili mtashukuru kwa kitu kizima, na Mungu hatawakasirikia. Kama kimeharibika, kirudisheni, hata kama kanisa lote lilisimama juu yake. Na ninyi wazee wenzangu mnaougua kimyakimya, waonyesheni watoto wenu nyuso zenu zilivyo, wao ni watu wazima, wataamua wenyewe kama waje au wasije. Binti yule alivuka nchi tatu kuja kumwuliza jirani uso wa baba yake ulikuwaje. Hilo si swali la kumwachia jirani.