Nta Badala ya Gundi

Walisema mtu aliyezoea joto la Maskati hawezi tena kuishi Karatu, kwamba ukungu wa mwezi wa saba ungenirudisha uwanja wa ndege nikiwa nimevaa blanketi. Walisema pia kwamba kazi niliyorudi nayo haina mteja.

"Unaziba upepo?" dereva mmoja wa bodaboda aliniuliza pale stendi, sanduku langu likiwa bado chini. "Huku upepo tunauachia, mkubwa. Utaziba na ule wa ziwa Eyasi?"

Wenzake walicheka. Mmoja akaongeza kwamba kama ni kuziba, nianze na mashimo ya barabara ya kwao.

Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na stashahada ya mitambo ya hewa, niliyoisomea jioni huku mchana nikipandisha mabati juu ya mapaa ya watu kwenye jua linalochoma kope, na hakuna ndugu wala mfadhili aliyenilipia ada. Siandiki haya kwa majivuno, ingawa nikiyaandika kwa majivuno nina haki.

Kwa asiyeijua kazi hii, dakti ni bomba pana la bati linalopita juu ya dari au chini ya sakafu, likipeleka hewa ya moto au hewa safi mpaka vyumbani. Nilipoondoka Karatu sikumbuki kuiona hata moja. Niliporudi, wenye nyumba za wageni walikuwa wamechoka kuwagawia watalii blanketi la tatu, wakaanza kufunga majiko makubwa ya kuni yenye feni, na watu wenye nyumba zao binafsi wakaiga. Walifunga, lakini kutunza hawakujua. Dakti inayovuja ni mtungi uliotoboka. Unateka maji kutwa na nyumbani wanalala na kiu. Kuni zinaisha, dari inapata joto, na mwenye nyumba anatetemeka kitandani.

Nyumba haisemi umri wake mlangoni. Inausema darini. Zile za mawe zilizojengwa na walowezi kwenye mashamba ya kahawa zina njia za hewa za matofali ndani ya kuta. Chokaa yake imeanguka, na popo wamezirithi. Nyumba za watumishi za enzi za baba zetu, kama zile za kule juu ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano, zina bati nene la kazi nzuri, ila skrubu zimekula kutu na vipande vimeachana kwenye maungio. Nyumba mpya ndizo mbovu kuliko zote: mabomba laini ya kukunjika, yamebanwa kwenye kona kama shingo ya kuku, yamefungwa kwa kamba za plastiki. Nilikuwa naingia nyumba yoyote, nawasha kijiti cha udi, napita nacho polepole kwenye maungio. Moshi ukiyumba, pana tundu. Kwa mtu aliyefundishwa, nyumba ni kitabu kilichofunguliwa.

Ila fundi hawezi kufanya kazi kwa stashahada peke yake, na akiba yangu iliishia kwenye jiko la mfano nililotaka watu walione. Hapo ndipo rafiki yangu aliponishika mkono.

Tulikua pamoja huko Daa. Tuliingia jandoni msimu mmoja, tukachunga pamoja, na nilipoondoka yeye alibaki kurina asali na marehemu baba yake. Watu wa Karatu walikuwa wamenisahau, lakini yeye walimjua. Alinipeleka kwa seremala wa kanisani, akamwambia, "Mwazime ngazi yako ndefu, huyu ni mimi." Seremala akatoa. Alinipeleka kwa mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, mfanyabiashara aliyeswali na kufungua duka kabla ya jua kuchomoza, na yule mzee akanipa mali kauli: bati, skrubu na makopo ya gundi ya kijivu aliyoagiza Arusha kwa ajili yangu, nitumie kwanza, nimlipe kazi ikiisha.

"Sikujui, injinia," aliniambia. "Namjua huyu uliyekuja naye."

Wa tatu alikuwa mama yake rafiki yangu. Alinipa mtamba aliyekaribia kuzaa. Kwetu mtu huweza kukupa ng'ombe umtunze: maziwa ni yako, samadi ni yako, ng'ombe na uzao ni wake. Siku ya kumrudisha, kama umemtunza vizuri, mwenyewe hukuachia ndama. Nyumba mbili zilizopeana ng'ombe namna hiyo huitana ndugu hata kama hazina damu moja.

"Huwezi kufanya kazi kwa chai ya rangi, mwanangu," mama alisema, akinikabidhi kamba.

Kwa hiyo jina langu lote lilikaa juu ya ngazi moja, makopo ya gundi na mtamba. Kama ningevirudisha, ningekuwa mtu. Kama ningeshindwa, waliosema pale stendi wangekuwa wamesema kweli.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa nyumba ya bibi mmoja, nesi mstaafu, mjane, aliyenunua nyumba ya mlowezi kule juu karibu na msitu. Nilifunga dakti mpya za bati kutoka kwenye jiko lake, nikaziunganisha na zile njia za zamani za ukutani. Ilibaki kupaka gundi kwenye maungio. Nikamwachia rafiki yangu, aliyekuwa akinisaidia kazi, pamoja na makopo, nikapanda kreta kupima nyumba nyingine. Niliporudi, maungio yote yalikuwa yamepakwa vizuri, kijivu kitupu. Nilipitisha udi mbele ya bibi mwenyewe. Moshi ulipanda wima kama mshumaa wa altare.

"Sasa nitalala," bibi alisema.

Alilala, msimu ule wa baridi. Mvua za vuli zilipokuja na kahawa ikachanua, alinipigia simu.

"Mwanangu, hewa yako inauma."

"Inauma vipi, bibi?"

"Inauma. Imeniuma sikio. Njoo uitoe."

Nilifika nikamkuta amekaa barazani amejifunga kanga usoni. Ndani, nyuma ya kifuniko cha matundu cha chumba chake cha kulala, ukuta mzima ulikuwa unanguruma. Nyuki. Walikuwa wameingia kupitia tundu la nje la kuvutia hewa, wakajaza dakti. Ilibidi mrina asali mmoja wa karibu na msitu aje kuwatoa kwa moshi, na bibi akasimama shambani akimwelekeza kama vile alikuwa wodini.

Walipotoka nilipanda darini. Jikoni kwa bibi moto ulikuwa umewashwa asubuhi, na bati lilikuwa la uvuguvugu. Niligusa ungio la kwanza. Gundi yangu ikishakauka, ukucha hauingii. Hapa kidole kilizama. Kijivu kilitoka kama ngozi, na chini yake palikuwa na manjano. Nikanusa. Ilikuwa nta ya nyuki iliyopakwa majivu juu ili ifanane na gundi.

Harufu ile niliijua. Ni harufu ya nyumba ya mama yake rafiki yangu, anapoziba vibuyu vilivyopasuka, na ni harufu ya mzinga mpya kabla haujatundikwa, kwa maana kila mrina asali hupaka nta ndani ya mzinga ili kuwaita nyuki. Nta ikiwa baridi inaziba sawasawa, ndiyo sababu udi haukuyumba. Ikipata moto inalegea, harufu inatoka nje, na kahawa ikichanua kila nyuki wa msitu ule anasikia anaitwa. Rafiki yangu alikuwa ameigeuza nyumba ya mjane kuwa mzinga. Katika wilaya nzima hapakuwa na mtu aliyejua zaidi yake nta inafanya nini.

Nilimtafuta nikamkuta kwenye nyumba mpya ya wageni kando ya barabara kuu. Sikuwahi kuambiwa habari za kazi ile. Alikuwa juu ya ngazi, na chini yake yalikuwa yamepangwa makopo yangu, yenye alama ya chaki ya mzee wa duka.

"Umefikaje huku, mkubwa?" aliuliza.

"Nimefuata gundi yangu."

Aliyatazama makopo. "Kopo ni kopo. Yako mengi mjini."

"Na nta ya mama yako, nayo iko mjini?"

Akashuka polepole, akafuta mikono kwenye suruali. "Sikiliza, ndugu yangu. Yule bibi ana nyumba kuukuu, amezoea nyufa. Huyu ni tajiri. Akifurahi ananipa nyumba nyingine mbili. Gundi ilitosha moja tu."

"Anakupa wewe."

"Ningekuita."

"Lini?"

Alisema, "Nta inaziba. Tumeziba vibuyu nayo tangu tuzaliwe."

"Kibuyu hakipiti moto. Na wewe ndiye unayeipaka kwenye mizinga. Ulijua watakuja."

"Wewe ulikaa Maskati," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayedai haki. "Mimi nilibaki. Kila aliyekupa kitu alikupa kwa sababu yangu. Ngazi ni mimi, makopo ni mimi, hata maziwa unayokunywa ni mimi. Kazi moja tu nikichukua, imekuwa wizi?"

Mtu akishakuambia kwamba wema wake ulikuwa bei, urafiki umekwisha; niliondoka, makopo nikayaacha pale pale.

Nilidhani yataishia hapo. Hayakuishia. Kabla ya gulio lililofuata, mji mzima ulikuwa umesimuliwa kwamba mimi ndiye niliyepaka kitu cha Uarabuni kikayeyuka, kwamba nimesomea hewa ya jangwani na baridi ya Karatu siijui. Nilipita stendi.

"Fundi nyuki! Lita ya asali bei gani leo?"

"Mwacheni, huyo ana diploma ya kuumwa."

Seremala alikuja kuchukua ngazi yake. Hakunitukana. Aliitoa ukutani mbele ya majirani, akaibeba begani, akasema, "Mwenzako ameniambia ni salama zaidi ikikaa kwangu." Mzee wa duka alinipa kiti na kahawa, kisha akasema hatanipa hata skrubu mpaka madeni ya zamani yaishe. Kilichoniuma ni kwamba waliongea kwa upole. Hasira ningeielewa. Upole ule ulikuwa wa watu walioonywa mapema na mtu wanayemwamini.

Ningeweza kwenda kwa mama yake rafiki yangu na kipande cha nta nilichobandua darini. Sikwenda. Mtamba wake alikuwa zizini kwangu, ananawiri, na sikutaka mwanamke aliyenipa maziwa anisikie nikimshtaki mwanawe.

Nikafanya nilichojua kufanya. Niliuza televisheni kubwa niliyokuja nayo, nikapanda basi la Arusha, nikarudi na gundi halisi. Kwa bibi nilikwangua nta yote, ungio kwa ungio, nikapangusa bati kwa maji ya moto na sabuni, nikapaka upya, nikafunga wavu wa chuma kwenye tundu la nje. Bibi aliniangalia akiwa chini.

"Kwa nini humtaji aliyefanya?" aliuliza.

"Wewe unamjua, bibi?"

"Nimefanya kazi hospitali maisha yangu yote. Anayekwangua siye aliyepaka."

Hakunilipa siku ile na sikutaka anilipe. Lakini bibi alikuwa na mpwa anayeishi Wasso, mwenye duka na nyumba inayomezwa na vumbi, akampigia. Karatu ilipokuwa inanicheka, mimi nilikuwa kwenye basi la Wasso, nikila vumbi la njia nzima. Niliziba nyumba ya mpwa, kisha ya jirani yake, kisha nyumba nyingine za huko, za mawe, za bati, za tofali za kuchoma. Kule hakuna aliyenishika mkono kunitambulisha. Kazi ilijitambulisha. Nayasema haya wazi: sijaona fundi mwingine wa dakti kati ya Karatu na Enguserosambu anayenifikia, na kama yupo aje na udi wake.

Niliporudi Karatu nilianza na mzee wa duka. Nilimlipa yote, pamoja na makopo ambayo sikuyatumia mimi. Aliyatazama malipo, akanitazama. "Haya makopo mengine, injinia, nimeyaona mahali," alisema. Nikamwambia yalitoka kwake kwa jina langu. Akaniagizia kahawa. Seremala nilimpelekea ngazi mpya ya alumini. Alikataa, nikaiegemeza ukutani kwake nikaondoka.

Mchana nilimpeleka ng'ombe Daa. Alikuwa amezaa akiwa kwangu, na ndama jike alitufuata nyuma akiruka mitaro. Rafiki yangu alikuwa langoni akitengeneza mzinga. Aliinuka, akafungua lango. Mama alitoka, akampapasa ng'ombe mgongo, akamkagua kwato na chuchu.

"Umemtunza," alisema. "Ndama ni wako, mwanangu. Ndiyo desturi."

"Abaki na mama yake."

Alinielewa mara moja, na niliona alivyoelewa. Alikaa chini kwenye kigoda, kamba mkononi. "Aliniomba ile nta," alisema taratibu, bila kumwangalia mwanawe. "Aliniambia ni ya mizinga."

"Najua, mama."

"Basi mchukue ndama. Mimi sikukukosea."

"Hukunikosea. Kwaheri, mama."

Nilijua ninamuumiza. Lakini ndama yule angelala zizini kwangu, angezaa, na kila uzao ungekuwa undugu na nyumba ile. Sikutaka ibaki kamba yoyote.

Pale langoni rafiki yangu aliniziba njia kidogo, mkono juu ya mti wa lango.

"Wote umewalipa," alisema. "Na mimi je?"

"Leo nalipa walionikopesha," nilimwambia. "Wewe hukunikopesha kitu."

Akatoa mkono. Nikashika njia ya kurudi mjini, na nyuma yangu nilisikia ndama akilia, kisha lango likifungwa.